Seva imeganda na umeme upo

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya teknolojia anasema seva za ofisi za umma huganda kwa mambo matatu: umeme wa kukatikakatika, intaneti mbovu na uhaba wa RAM, yaani memori ya kompyuta. Kwa hiyo tununue jenereta, tubadili kampuni ya intaneti, tuongeze RAM. Hayo matatu yapo, sibishi. Ila ameacha la nne, na hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala halitibiwi kwa kununua kifaa.

Mimi ni mtunza seva hapa Morogoro. Ofisini wananiita Mama Diski. Seva yetu ya mafaili ilianza kuganda usiku, saa za bakapu (kunakili data za akiba), lakini si kila usiku. Asubuhi tunaikuta taa zinawaka, feni zinazunguka, ukiipigia ping, yaani kuiita kupitia mtandao, inaitika, lakini hakuna faili hata moja linalofunguka. Prosesa imekaa tu, haina kazi. Mfumo endeshi ni Linux, na kwenye logi (kumbukumbu za matukio ya mashine) kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilikuwa imeandika kwamba kazi kadhaa zimesimama kwa zaidi ya sekunde 120. Kwenye orodha ya kazi, zote hizo zilikuwa na herufi D, yaani zimelala zikingoja na haziamki hata kwa amri ya kuziua. Diski tuliipima, ikawa nzima. Mzabuni aliyetuletea hifadhi hiyo ya diski pamoja na draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na kerneli, akasema ni umeme.

Haukuwa umeme. Kazi zilikuwa zinangojana.

Chukulia ghala la mazao lenye karani na mhasibu. Karani ameshika ufunguo wa mlango, hautoi mpaka apewe leja. Mhasibu ameshika leja, haitoi mpaka apewe ufunguo. Hapo hakuna mgonjwa wala mvivu, na hakuna gunia litakalotoka mpaka mmoja wao afukuzwe kazi. Kerneli imejaa kufuli za namna hiyo, ili kazi mbili zisiharibiane data kwa kuigusa kwa wakati mmoja. Mwanasayansi wa kompyuta Coffman na wenzake waliandika mwaka 1971 kwamba mkwamo huu unahitaji masharti manne yatimie kwa pamoja: kitu kishikwe na mmoja tu, aliyeshika aruhusiwe kungoja kingine bila kuachia, asiwepo wa kumnyang'anya, na wangojaji wafanye mduara. Ndani ya kerneli matatu ya kwanza huyakwepi kirahisi. Linabaki la mduara, na dawa yake ni kufuli zichukuliwe kwa mpangilio uleule siku zote. Mwanzoni mwa faili mm/filemap.c la Linux waandishi wake wameorodhesha mpangilio huo, ipi kabla ya ipi, ili atakayekuja baadaye asiupindue.

Kwenye hifadhi ugumu unazidi, kwa sababu mduara unapita mahali ambapo hakuna anayepatazama. Draiva inashika kufuli yake, halafu inaomba memori. Memori imejaa. Kerneli, kwa nia njema kabisa, inakwenda kuitafuta: inachukua data iliyobadilishwa ambayo bado haijaandikwa, iisukume diskini, nafasi ipatikane. Diski ipi? Ileile. Ombi linarudi kwa draiva ileile na kukuta kufuli imeshikwa na yule anayesubiri memori. Basi, imekwisha. Bakapu ndiyo iliyokuwa inajaza memori, ndiyo maana seva ikaganda usiku. Na ule ushauri wa kuongeza RAM, ambao tuliufuata kwa fedha za umma, uliifanya seva igande mara chache zaidi, tukadhani imepona.

Sasa, tangu mwaka 2006, toleo la 2.6.18, Linux ina kifaa kinachoitwa Lockdep, kilichoanzishwa na Ingo Molnár. Hakingoji mkwamo utokee. Kila kufuli inapochukuliwa huku nyingine imeshikwa, kinaandika: hii baada ya ile. Hakifuati kufuli moja moja, kwani zinaweza kuwa maelfu kwa maelfu. Kinazipanga kwa aina, na kanuni iliyoonekana kwa mmoja wa aina hiyo inahesabiwa kwa wote. Utaratibu mpya ukifunga mduara, kinapiga kelele kwenye logi hapohapo. Nusu moja ya mduara inaweza kuonekana saa nne asubuhi na nusu ya pili saa nane mchana, kwenye kazi mbili ambazo hazijawahi kukutana, nacho kikaziunganisha. Hata kule kutafuta memori kumewekwa kwenye hesabu zake kana kwamba ni kufuli, na bila hilo tatizo letu lisingeonekana kamwe.

Nilimwomba mzabuni msimbo wa draiva, yaani maandishi ya programu yenyewe, akautoa baada ya kuvutana sana. Kwenye mashine ya akiba nikajenga kerneli ya majaribio iliyowashwa PROVE_LOCKING, chaguo linaloiamsha Lockdep, nikaijaza memori makusudi kwa kunakili mafaili makubwa. Onyo likatoka kabla ya chakula cha mchana, likitaja kufuli zote za mduara na mahali kila moja ilipochukuliwa kwenye msimbo. Mashine yenyewe haikuganda hata kidogo. Kijana wa mzabuni alipokuja, akasoma, akatabasamu kwa adabu. "Mama, lakini si inafanya kazi? Hilo ni onyo tu." Nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe kwenye msimbo kitu kinachozuia njia hizi mbili zisikutane usiku." Akakaa na karatasi hadi jioni, hakukiona, na nampongeza kwa kukiri hivyo mbele ya bosi wake. Marekebisho yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha: alama moja, GFP_NOIO, inayoiambia kerneli itafute memori bila kutuma kazi diskini.

Bosi wake ndiye aliyenikera. Alisema draiva ilifanya kazi ofisini kwao wiki nzima bila kuganda, kwa hiyo ilikuwa imepimwa. Ofisini kwao hakuna bakapu, na memori haijawahi kujaa. Wiki nzima ya namna hiyo inathibitisha kwamba draiva inafanya kazi kwenye mashine isiyo na shughuli, basi.

Lockdep ina mipaka yake, na mtu akiiuza kama kinga ya kila kitu atakuwa anadanganya. Inajua njia zilizopitwa tu; msimbo ambao haujaendeshwa haiwezi kuusemea. Ikishatoa onyo la kwanza inajizima, kwa hiyo onyo dogo la sehemu nyingine linaweza kuficha kubwa lako. Tena hupiga kelele za bure: saraka mzazi na saraka mtoto zina kufuli za aina moja, na kuzishika zote mbili kwa zamu ni halali, hivyo waandishi wa kerneli wanalazimika kuielezea ngazi hizo. Wapo wanaotumia maelezo hayohayo kuinyamazisha tu bila kutazama, tabia ninayoichukia. Na yapo mambo yanayongojwa ambayo si kufuli. Kusimamisha foleni ya maombi ya diski mpaka yaliyomo ndani yaishe ni kungoja kabisa, lakini Lockdep haikukuona hadi toleo la 6.13, Januari 2025, kulipoanza kuhesabiwa kama kufuli. Zaidi ya hapo, inapunguza kasi ya mashine na kula memori. Mahali pake ni kwenye majaribio, si kwenye seva inayohudumia wananchi.

Ninachowaomba maofisa manunuzi ni kifungu kimoja kwenye nyaraka za zabuni, popote tunaponunua hifadhi inayokuja na draiva ya mzabuni mwenyewe: draiva iendeshwe kwenye kerneli yenye ukaguzi huo wa kufuli, memori ikiwa imejazwa makusudi na bakapu inakwenda, na logi nzima ya kerneli ikabidhiwe pamoja na mzigo. Logi nzima, siyo picha ya skrini. Ni kazi ya siku chache kwa fundi mmoja, na haihitaji leseni ya kulipia.

Na kwa watunza seva wenzangu, kabla hamjazima na kuwasha, mkiwa na haki za root (msimamizi mkuu wa mfumo) andikeni herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger. Kerneli itaorodhesha kazi zote zilizokwama na mahali kila moja iliposimama. Kama logi inaandikwa kwenye diski hiyohiyo iliyoganda, pigeni picha ya skrini kwa simu, maana ukishawasha upya ushahidi wote umekwenda, na mzabuni atarudi kwenye umeme. Logi zetu ninazo zote, kabla na baada ya marekebisho. Mwandishi wenu akizihitaji nitampa, nikishafuta majina ya taasisi na ya mzabuni.

Mtunza seva,
Morogoro