Gari Linapiga Teke Ukiingiza D? Usikimbilie Kununua Giaboksi

Gari nyingi za otomatiki zinazoletwa kwenye gereji yetu kwa tatizo la gia hufika zikiwa zimeshahukumiwa. Mwenye gari kaambiwa na fundi wa mtaani, au na jamaa yake anayejua magari, kwamba giaboksi imekufa. Mara nyingi ameshaulizia hata bei ya giaboksi ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na kwetu anataka tu kujua gharama ya kushusha na kupandisha. Tunamwomba funguo kwanza tukalizungushe gari barabarani, na si wote wanaofurahia ombi hilo.

Sababu yetu ni hii: mshtuko unausikia kwenye giaboksi, lakini si lazima uwe umeanzia huko. Unaweza kutoka kwenye injini, kwenye maunting (mipira inayoshikilia injini), kwenye umeme wa gari au kwenye oili iliyowekwa mwaka juzi na mtu ambaye hakusoma kitabu. Ukishusha boksi kabla ya kuyapitia hayo, utalipa hela ya giaboksi na gari litaendelea kupiga teke vilevile.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mteja huwa ni moja: linagonga wakati gani?

Tuseme umesimama, umetoa P kwenda D au R, gari likashtuka. Hapo usiangalie giaboksi, angalia mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Toyota ndogo kama IST au Raum, injini ikishapata moto, sailensi yake, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hukaa kwenye 700 hivi. Ukiikuta inazunguka 1,200, lazima itapiga teke ikiingia gia, maana unaiunganisha na magurudumu ikiwa bado inakimbia. Hapo tunakagua throto (mlango wa hewa ya injini) yenye masizi na mipira ya hewa iliyopasuka. Ni kazi ya saa chache, na boksi haliguswi kabisa.

Sailensi ikiwa sawa, tunahamia kwenye maunting. Bonneti inafunguliwa, fundi mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga breki mpaka chini, handibreki imevutwa, anahamisha lever kutoka D kwenda R na kurudi tena D. Mwenzake anatazama injini akiwa amesimama ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini yenye maunting nzima hujisogeza kidogo na kutulia. Yenye maunting iliyokatika hunyanyuka upande mmoja, kisha inaangukia mahali pake kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho dereva anachokisikia na kukiita ugonjwa wa giaboksi. Mpira ukishachakaa hauna namna, unabadilishwa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya boksi zima.

Kama gari linashtuka likiwa linatembea, tunataka kujua ni kati ya gia ipi na ipi, na kama ni likiwa baridi au likishapata moto. Linalobadilisha kwa nguvu asubuhi halafu likalainika baada ya kilomita chache, mara nyingi shida ni oili: imezeeka, imepungua au si aina yake. Linaloanza vizuri halafu likaanza kugonga baada ya nusu saa ya foleni ya Morogoro Road, hilo linatupa wasiwasi zaidi. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na kama sili za ndani au valvu bodi (inayogawa presha ya oili) zimechakaa, presha inavuja na pleti za klachi zinazoshika gia hazibanwi kwa wakati. Solenoidi nayo, yaani valvu ya umeme inayoongoza oili hiyo, inaweza kupima vizuri ikiwa baridi na kuanza usumbufu ikishapata joto.

Dalili tunayoiogopa kuliko zote, na ambayo wateja wengi huipuuza kwa sababu haina kelele, ni RPM kupanda bila spidi kuongezeka. Unakanyaga mafuta kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inalia, gari halichanganyi, halafu linashika ghafla. Hapo pleti zinateleza. Kila zikiteleza zinaungua, na mabaki yake yanazunguka na oili kwenye boksi zima. Gari la namna hiyo si la kuendeshea safari ya Iringa ukapande nalo mlima Kitonga.

Kuna mtetemo mwingine unaowachanganya hata mafundi wazoefu. Uko kwenye spidi ya 60 mpaka 80, mafuta umeyakanyaga kidogo tu, gari linatetemeka kana kwamba linapita juu ya rasta, yale matuta madogo ya barabarani. Inaweza kuwa klachi iliyo ndani ya toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), au inaweza kuwa injini inamisi, yaani silinda haiwaki sawasawa, kwa sababu ya koili au plagi. Kipimo chake hakina gharama: gari likianza kutetemeka, endelea kushikilia mafuta vilevile, huku mguu wa kushoto ukigusa breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma. Kompyuta ikiona breki, huifungua klachi ya konveta. Mtetemo ukikata papo hapo, mshukiwa ni konveta au oili yake. Ukiendelea, kaanze na koili. Fanya hivyo kwenye barabara tupu, usiwe na gari nyuma yako.

Kompyuta nayo isisahaulike. Mfano unaojulikana duniani ni RAV4 za 2001 mpaka 2003 zilizouzwa Marekani. Zilikuwa zikibadilisha gia kwa kishindo na kutoa misimbo ya hitilafu ya solenoidi, kumbe hitilafu iko ndani ya kompyuta ya injini, na Toyota ikaongeza muda wa dhamana ya kompyuta hizo. Wapo waliokwisha kubadilisha giaboksi bila sababu. Ndiyo maana sisi msimbo wa solenoidi hatuuamini peke yake. Tunapima ukinzani wa solenoidi, tunapima waya, tunakagua soketi kama ina maji au kutu. Kwa magari yaliyopita kwenye mafuriko, tuseme Jangwani mvua za masika zikikolea, soketi ndiyo tunayoanza nayo.

Na kama gari lilianza kushtuka siku ulipobadilisha betri, tulia kwanza. Kompyuta za magari mengi hujifunza namna ya kulainisha gia kadiri pleti zinavyochakaa, na betri ikitolewa baadhi yake husahau. Liendeshe taratibu kwa siku kadhaa kabla ya kumwita mtu.

Oili

Hapa ndipo tunapokutana na madhambi mengi. Oili ya giaboksi ya otomatiki haina aina moja ya magari yote. IST na Premio za zamani zinatumia Toyota Type T-IV. Mark X zinatumia WS, na Toyota yenyewe inakataza kuchanganya hizo mbili. Nissan X-Trail ya T31 na Dualis zina CVT, giaboksi ya mkanda na puli badala ya gia za hatua, inayotaka NS-2, na Honda Fit za kwanza zenye CVT zinataka HMMF. Muuza duka akikwambia "hii nyekundu inaingia gari zote", mshukuru, uondoke. Kwenye giaboksi ya gia nne kosa hilo linaweza kuishia kwenye mishtuko tu. Kwenye CVT, mkanda wa chuma na puli zinategemea msuguano wa oili ile ile iliyotajwa na mtengenezaji, na ukikosea unaziua.

Kupima kiwango pia kuna namna yake. Toyota yenye stiki ya kupimia oili hupimwa boksi likiwa na moto, injini inaunguruma, lever imepitishwa gia zote na kurudishwa P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda si mrefu. Mark X haina stiki kabisa: kuna nati ya kupimia chini ya boksi, na inafunguliwa oili ikiwa kwenye nyuzi 40 hivi, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote. Fundi anayekujazia Mark X kwa kukisia akiwa amelala chini ya gari lililopandishwa jeki upande mmoja, mwulize anapimaje.

Tukishaitoa stiki, tone moja tunaliweka kwenye tishu nyeupe. Oili nzuri husambaa ikiwa nyekundu au na weusi kidogo. Ikiacha duara jeusi katikati lenye chembechembe, na ikanukia kama kitu kilichoungua, pleti zimeanza kuondoka. Ikiwa pinki nzito isiyopitisha mwanga, maji ya rejeta yameingia kwenye boksi. Oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, na anayejaza maji ya bomba badala ya kulanti anaitafuna kwa kutu kutoka ndani. Maji yakishakaa humo, gundi ya pleti inaachia, na hapo ni kufungua boksi.

Tukishusha sampu, yaani trei ya oili iliyo chini ya boksi, tunaangalia sumaku iliyomo. Tope laini la kijivu ni kawaida ya gari lililotembea. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole si kawaida, na vile vya rangi ya njano visivyoshikwa na sumaku ni bushi zinazolika.

Wateja hutuuliza kama ni kweli kubadilisha oili kwenye gari kuukuu kunaua giaboksi. Kwa maoni yetu, oili mpya haiui boksi lisilo na ubovu. Inalifichua bovu ambalo pleti zake zilikuwa zinashikwa na uchafu. Tunachokataa ni kusukuma oili kwa mashine ya presha kwenye boksi lililotelekezwa miaka mingi, kwa sababu inang'oa taka zote kwa mkupuo na kuzipeleka kwenye valvu. Tunamwaga na kujaza. Kwenye IST hutoka kama lita 3 tu wakati boksi linabeba zaidi ya 6, kwa hiyo tunarudia baada ya wiki kadhaa. Na kama pleti zinateleza tayari, tunakwambia kabla hujanunua hata lita moja.

CVT hazibadilishi gia kama nyingine, kwa hiyo teke lake lina maana tofauti. Honda Fit ya kwanza ikitetemeka wakati wa kuondoka, mara nyingi ni klachi ya kuanzia, na oili sahihi mpya inaweza kuituliza. X-Trail inayokata nguvu baada ya mwendo mrefu barabara kuu, halafu ikapona ikipumzika, CVT yake inapata joto kupita kiasi na kompyuta inaibania. Usisubiri mara ya tatu.

Ukija kwetu kwa kipimo, liache gari lilale hapa usiku au lilete asubuhi mapema, tulikute baridi. Usifute misimbo, usichomoe betri, na kama una risiti ya oili ya mwisho njoo nayo. Utaambiwa bei ya kipimo kabla hatujaanza, na utaona tishu na sumaku kwa macho yako. Wanaokwenda kununua gari lenye namba ya usajili ya D kwa dalali tunaweza kuongozana nao, ila mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hatujafika. Akilipasha moto makusudi tutajua kwa kushika bonneti.

Gari ambalo limegoma kabisa kutembea, au limebaki na gia moja, lisivutwe kwa kamba likiburuza magurudumu yanayoendeshwa na injini. Pampu ya oili haizunguki injini ikiwa imezimwa, na boksi litasagika likiwa kavu. IST, Passo na Raum zinazoendeshwa na magurudumu mawili ya mbele zinyanyuliwe mbele. Forester, na RAV4 au X-Trail za fowili (magurudumu yote manne yanaendeshwa na injini), zipandishwe magurudumu yote manne juu ya gari la kubebea.