Muuza miche, niambie jina la waridi, si rangi tu

Kwa Mhariri,

Gazeti likiandika habari ya waridi huwa ni yale ya kuuza Ulaya, bei ya shina, nauli ya ndege, vivungulio, na mimi sina ubaya na hiyo, watu wetu wa Naivasha na Njoro wanakula hapo. Lakini sisi wenye kaploti kadogo mbele ya nyumba hatuandikiwi kitu, halafu tunaenda kununua miche tukiwa hatujui tunanunua nini. Simama kwenye hizi nasari za kando ya barabara hapa Nakuru uulize hii ni waridi gani, utaambiwa "hii ni nyekundu." Sawa, nyekundu gani? Hapo muuzaji anakuangalia kama umemuuliza PIN ya M-Pesa.

Shida si jina lenyewe, shida ni kwamba bila jina huwezi kujua mti utafika wapi kwa urefu, utanukia ama hautanukia, na ugonjwa gani utauanza. Na ile miche inayosifiwa eti "imetoka shamba la maua" mimi huwa naipita. Waridi la shamba lilizalishwa kwa kazi nyingine kabisa, likatwe leo, lilale kwenye baridi, lipande ndege lifike Uholanzi na bado likae siku nyingi kwa vesi, tena limeishi chini ya plastiki, mvua hailigusi na dawa linapuliziwa kwa ratiba. Ukilileta nje huku Lanet mvua ya Aprili ikalipiga, ukungu unalila, na hata likichanua salama sogeza pua uone, mara nyingi hakuna kitu hapo.

Ushauri wangu ni tutafute haibridi tii za zamani, zile zinatoa ua moja kubwa juu ya shina refu. Ya kwanza kuhesabiwa ni La France, ambayo mzalishaji wa waridi Guillot aliitoa kule Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1867, na kuanzia hapo mpaka miaka ya 1970 kuna majina mazuri mpaka unashindwa uchague gani. Faida nyingine ni kwamba haki za waliozizalisha hizi ziliisha kitambo, jirani akikukatia kijiti hakuna mtu wa kulipwa, si kama aina mpya za mashambani ambazo zina wenyewe na haki zao zinasajiliwa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea.

Lakini msinielewe vibaya, ya zamani haimaanishi ni ngumu, kuna za zamani ambazo ni wagonjwa tangu kuzaliwa. Lazima uangalie mahali unakaa. Sisi Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, mchana jua na usiku baridi, na hali hiyo ndiyo inapendwa na ule ukungu mweupe unaokaa juu ya majani machanga kama unga. Kisumu na Kakamega shida ni nyingine, ni madoa meusi, manake huo ugonjwa unahitaji jani likae na maji masaa mengi ndiyo uingie, na huko jioni mvua ikinyesha jani linalala limelowa mpaka asubuhi.

Chukua mfano wa waridi mbili, Papa Meilland na Mister Lincoln. Hizi ni ndugu wa tumbo moja, zote ni watoto wa waridi mbili ziitwazo Chrysler Imperial na Charles Mallerin, moja ilitoka Ufaransa 1963 na nyingine Marekani 1964, zote nyekundu iliyokolea kama mahameli na zote zinanukia mpaka mtu anapita getini anauliza ni nini hiyo. Papa Meilland ndiyo wanasayansi wa Ufaransa waliifanyia utafiti uliotoka mwaka wa 2015, wakailinganisha na Rouge Meilland ambayo hainukii vizuri, wakapata kimeng'enya kinachosaidia waridi kutengeneza harufu, ambacho kwa ile isiyonukia karibu hakifanyi kazi. Kwa hivyo wale wanasema harufu ni mambo ya mbolea wanakosea, mti umezaliwa nayo ama haujazaliwa nayo. Sasa mimi kwa Nakuru namchagua Mister Lincoln, manake Papa Meilland na ukungu mweupe ni marafiki wa kufa kuzikana, na kama hutaki kushika pampu ya dawa kila mara, mwache apendeze kwa watu wengine. Mister Lincoln ni mrefu lakini, usimpande mbele ya maua mafupi.

Halafu kuna Double Delight ya 1977, krimu katikati na nyekundu pembeni. Ile nyekundu yake inaletwa na miale ya jua ya urujuanimno (UV), ndiyo maana ukiificha mahali miale hiyo haifiki inabaki imepauka. Hapa kwetu karibu na ikweta, tena juu hivi, jua si la kuomba, kwa hivyo ipande peupe kabisa.

Peace nayo naiweka kwa heshima. Mfaransa Francis Meilland aliizalisha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na Ufaransa inaitwa Madame A. Meilland, jina la mamake, hiyo ya Peace ilitangazwa Marekani tarehe 29 Aprili 1945 vita ikielekea kuisha Ulaya, na wajumbe waliokutana San Francisco kuanzisha Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua lake. Ni njano yenye ukingo wa pinki, majani makubwa yanang'aa, harufu kidogo tu. Msiikate sana, haipendi makasi makali.

Watu wa Kisumu na Kakamega, kwenu ningewaambia mwende pole na njano na rangi ya machungwa. Njano kali iliingia kwenye haibridi tii kupitia Soleil d'Or ya mzalishaji Pernet-Ducher mwaka wa 1900, na damu hiyo ilitoka kwa waridi la njano la Uajemi, nchi kavu, ambalo halijui kupigana na madoa meusi, na wajukuu wengi wakarithi udhaifu huo huo. Anzeni na Queen Elizabeth ya 1954, pinki, ndefu, inavumilia. Najua wataalamu watasema hiyo si haibridi tii ni grandiflora, yaani kundi lingine la waridi, sawa, wabishane wao, mamake ni haibridi tii na inatosha. Halafu ina uhusiano na sisi, yule binti mfalme Elizabeth alikuwa hapa Kenya, hoteli ya Treetops, Februari 1952, babake alipofariki akawa malkia.

Popote ulipo maji weka chini kwenye shina asubuhi, si juu ya majani jioni. Nafasi acha, hewa ipite. Jani likiwa na doa jeusi lenye kingo zisizo sawa na njano pembeni lichume na lililoanguka liokote, usiliache chini ya mti eti litaoza liwe mbolea. Na kwa kuwa huku hatuna majira ya theluji waridi halilali, sisi tunakata kidogo kidogo mwaka mzima, ua likinyauka unashuka mpaka jani la vidole vitano, unakata juu ya jicho, pale chipukizi litatokea, linaloangalia nje.

Ukinunua mche tafuta fundo ya pale uliungwa juu ya mzizi wa waridi lingine. Chochote kinachochipuka chini ya hiyo fundo si waridi lako, ni ule mzizi, mara nyingi ni Natal Briar, nao una nguvu kuliko mwenye nyumba. Usiukate kwa makasi, utarudi, fukua kidogo uung'oe kwa mkono pale ulipotokea.

Ninachoomba kwa wenye nasari si kitu kikubwa, kipande cha plastiki na kalamu isiyofutika, jina liandikwe pale mche unapochukuliwa, manake ukishafika barabarani hakuna anayekumbuka. Aliye na mti wa zamani ambao anaujua jina vilevile aseme. Na kama kuna msomaji Kitale ama Eldoret bado ana Crimson Glory, ile ya mzalishaji Kordes ya 1935, hasa ile inayotambaa ukutani, aandike hapa hapa kwenye ukurasa wa barua, mimi nina vijiti vya Mister Lincoln vya kubadilishana, unene wa penseli, na nitavikata mvua ikianza.

Msomaji wenu,
Lanet, Nakuru