Risala ya Wataalamu na Wanafunzi wa Fiziotherapia Pemba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Fiziotherapia Duniani, Chake Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Mkoa na Wilaya,
Madaktari, wauguzi na watendaji wa Wizara ya Afya,
Masheha wetu, wagonjwa wetu na jamaa zao,
Mabibi na mabwana,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na uzima tukakutana hapa Chake Chake leo tarehe 8 Septemba, siku ambayo wenzetu wa fani hii ya tiba ya viungo wanaiadhimisha duniani kote tangu mwaka 1996. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitika mwito wetu pamoja na wingi wa shughuli zako. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Risala zetu za nyuma zilikuwa na mambo mengi. Hii ina moja: usalama wa mgonjwa anapotibiwa kwa joto, baridi, mawimbi ya sauti na umeme.

Wanaokuja kwetu ni wachumaji karafuu walioanguka mikarafuuni, wakwezi wa minazi, wazee waliopatwa na kiharusi, akinamama wenye maumivu ya kiuno na magoti, vijana wa mpira walioteguka vifundo vya miguu. Msingi wa tiba yao ni mazoezi. Mashine tunaitumia kumpunguzia mtu maumivu au ukakamavu ili hayo mazoezi ayaweze. Chukua ile mashine ndogo ya TENS, inayotuliza maumivu kwa umeme mdogo, yenye nyaya na pedi za kubandika. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango: hisia za mguso zikipita kwa wingi, ujumbe wa maumivu unabanwa. Ndiyo maana mgonjwa anapata nafuu pedi zikiwa mwilini. Lakini kilichoumia bado kimeumia. Tunalisema hili hadharani kwa sababu mashine hizi sasa zinauzwa madukani na mitandaoni, na wapo wanaojifunga nyumbani kabla ya kujua kinachowauma ni nini.

Tuje kwenye joto, maana hapo ndipo watu wanapoumia kwa urahisi. Nafasi baina ya dawa na dhara ni ndogo mno. Tishu za mwili zinanufaika zikifika baina ya nyuzi 40 na 45 za Selsiasi. Zikipindukia hapo zikakaa, zinaanza kuharibika. Na pakiti za moto tunazotumia zinatoka kwenye tangi la maji ya nyuzi 70 hadi 75. Kinachomlinda mgonjwa ni tabaka 6 hadi 8 za taulo kavu, saa, mkono wa mtaalamu unaofunua baada ya dakika 5 kuitazama ngozi, na mgonjwa mwenyewe kusema, "Hapa panachoma."

Hicho cha mwisho ndicho kinachotutia hofu. Mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, nyayo zimekufa ganzi, hatasema panachoma kwa sababu hasikii kitu. Kadhalika aliyepooza kwa kiharusi, na aliyeumia uti wa mgongo. Ngozi inaungua naye anazungumza na jirani yake kwa utulivu kabisa. Malengelenge yanaonekana baadaye, na kwa mwenye kisukari lengelenge la mguu si jambo dogo: kidonda chake kinaweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu.

Kwa hiyo, kabla ya joto, barafu au umeme, tunapaswa kuipima ngozi. Kipimo chenyewe hakina gharama. Ni neli mbili za kioo, moja ina maji ya moto na moja ya baridi, mgonjwa amefumba macho, anagusishwa moja moja na kuulizwa ni ipi. Halafu kitu chenye ncha na kitu butu, vivyo hivyo. Akikosea majibu, mahali pale hapawekwi joto, barafu wala pedi za umeme, na sababu inaandikwa kwenye faili lake ili mwenzako wa zamu ya kesho asirudie. Ni kazi ya dakika chache. Na kwa masikitiko tunasema kwamba foleni ikiwa ndefu, hiki ndicho kitu cha kwanza kurukwa. Tumekubaliana baina yetu kwamba kisirukwe tena, hata kama mgonjwa wa mwisho ataondoka baada ya alasiri.

Mheshimiwa, lipo jambo linalohusiana na hili ambalo halisemwi sana. Huwezi kuipima ngozi usiyoiona. Mama wa Kipemba anapoingia chumba cha tiba chenye vitanda vinne visivyo na pazia, na mtaalamu ni mwanamme, hatovua buibui, na ana haki yake. Matokeo yake ni kwamba joto linawekwa juu ya nguo na pedi zinaingizwa kwa kubahatisha. Chini ya nguo kunaweza kuwa na bangili, hirizi ya kifuko cha bati, au dawa ya kuchua iliyopakwa asubuhi ambayo ikikutana na joto inaunguza ngozi. Kwetu sisi pazia ni kifaa cha usalama sawa na fyuzi.

Mila yetu ya kumkanda mzazi aliyetoka kujifungua kwa maji ya moto, na kumkanda mzee kwa kitambaa cha moto, ni mila ya huruma, na hatukuja hapa kuipiga vita. Ombi letu kwa jamaa ni kwamba anayekanda ajaribu joto kwanza kwenye ngozi yake mwenyewe, upande wa ndani wa mkono, na mguu uliokufa ganzi usikandwe kwa moto kabisa. Chupa ya maji ya moto isilazwe na mgonjwa kitandani usiku.

Barafu nayo ina adabu yake. Vijana wanaocheza mpira uwanjani Gombani wanaifunga juu ya ngozi tupu na kuiacha hadi iyeyuke. Iwekwe juu ya kitambaa kibichi, dakika 10 hadi 15, na isibanwe ubavuni mwa goti kwa nje, maana pale mshipa wa fahamu unapita juu juu na ukidhurika mguu unaweza kushindwa kunyanyua kidole.

Baada ya ngozi ni maswali. Umewekewa betri ya moyo? Una ujauzito, au huenda unao? Umewahi kuambiwa una saratani? Mguu umevimba na kuuma ghafla, pengine damu imeganda ndani? Una chuma mwilini? Majibu haya yanahitaji ujuzi, si kuweka tiki tu. Chuma cha ndani ya paja kinamzuia mtu kabisa kutibiwa paja hilo kwa mashine ya mawimbi mafupi, ile ya megahezi 27.12 inayopasha joto nyama za ndani, kwa sababu chuma kinakusanya nishati na kuunguza nyama zinazokizunguka. Chuma hichohicho hakimzuii kutumia TENS. Betri ya moyo inatutaka tuache mawimbi mafupi moja kwa moja, na TENS tusiiguse bila ruhusa ya daktari wake wa moyo. Pedi haziwekwi mbele ya shingo kwa mtu yeyote, wala juu ya tumbo la mjamzito.

Na mashine ya mawimbi mafupi haimhusu mgonjwa peke yake. Kitanda kiwe cha mbao, jasho lifutwe, nyaya zisikatizane, vifaa vya kusaidia kusikia vivuliwe. Mtaalamu asimame mbali angalau mita moja, na mwenzetu aliye mjamzito asiiendeshe. Mashine za kusisimua misuli zikae mbali nayo, kwani inaweza kuzivuruga zikatoa mkondo wa ghafla kwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Ultrasaundi ya tiba, yaani mashine ya mawimbi ya sauti, inataka jeli ya kutosha, kwa kuwa mawimbi yake hayapiti hewani, na kichwa chake kisitulizwe mahali pamoja hata kidogo, maana joto linajikusanya kwenye mfupa. Asubuhi tunaweka matone ya maji juu ya kichwa cha mashine kuona kama yanachemka. Hilo linatuonesha kwamba inatoa kitu. Kiasi gani, halituambii. Mashine iliyoandikwa kipimo kimoja ikatoa kikubwa zaidi inamuunguza mtu mikononi mwa mtaalamu aliyefanya kila kitu sawasawa.

Hapo ndipo tunapokuhitaji, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Tangu waya wa chini ya bahari ulipoleta umeme kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba imeondokana na kutegemea majenereta, na tunashukuru. Bado umeme unapanda na kushuka, na unaporudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. Hewa ya chumvi nayo inakula plagi na nyaya. Tunaomba kila chumba cha tiba kiwe na waya wa ardhi uliopimwa na fundi, stabilaiza ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka, na swichi inayokata umeme yenyewe panapotokea hitilafu. Tunaomba fundi wa vifaa tiba atakayekaa hapahapa Pemba, mwenye chombo cha kupimia nguvu halisi ya mashine zetu angalau mara moja kwa mwaka, na uwezo wa kubandika karatasi nyekundu kwenye mashine isiyofaa bila kumuogopa mtu. Tukipata pazia na fundi mwaka huu, hata bila ya mashine mpya hata moja, tutakuwa tumepata kingi.

Tunaomba pia hospitali zinazowafunga wagonjwa vyuma ziwape kadi inayoeleza aina ya chuma na mahali kilipo. Wataalamu wa kike waongezwe, na vijana wetu wa kike wasaidiwe kwenda kusoma, kama baadhi yetu tulivyovuka bahari kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Mafunzo ya usalama yarudiwe kila mwaka kwa wote, wakongwe kwa wanafunzi.

Mwisho, kwenye meza iliyo kulia kwako tumeweka zile neli mbili za kioo. Wanafunzi wetu watafurahi ukiwaruhusu kukupima kabla hujakagua mashine, kama wanavyotakiwa kumpima kila anayeingia mlangoni kwetu.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante kwa kutusikiliza.