Barua ya wazi kwa mwaka wa kwanza: hiyo akaunti ni ya nani?

Wanangu,

Nilipostaafu ofisi ya usajili ya chuo kimoja hapa Tanzania, nilijiapiza kwamba sitamfokea tena mwanafunzi. Kiapo kimenishinda.

Juzi binti wa kaka yangu alinionyesha faili lililotupwa kwenye kundi lao la WhatsApp. CR wao, yaani kiongozi wa darasa, alikuwa akifuatilia boom (hela ya kujikimu ya mkopo) lililochelewa, akakusanya majina matatu ya kila mmoja, namba za usajili, za mtihani wa kidato cha nne, za simu na za akaunti za benki. Akaliweka faili lote kundini "kila mtu ahakiki jina lake". Nia njema kabisa. Lakini hata mimi, nisiyesoma darasa hilo, nililisoma lote huku nikimenya ndizi.

Hiyo namba ya kidato cha nne mnaichukulia kama namba ya jezi. Mtu akiwa nayo anaingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, na kuona alama zako zote, pamoja na ile F ya hesabu uliyomficha mchumba. Tena ndiyo namba uliyojisajilia kuomba mkopo. Ukiongeza simu na akaunti, tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hana haja ya kubahatisha tena. Atakupigia akikuita kwa majina yako matatu, akutajie kozi na benki, nawe utamwamkia shikamoo.

Hata hivyo kinachoniuma zaidi ni steshenari. Huyu huyu binti yetu alipomaliza kidato cha sita hakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa inayosajilia laini, kwa hiyo hakuwa na laini kwa jina lake. Akaenda steshenari ya mtaani kuombewa chuo. Kijana wa pale akamfungulia barua pepe, akamchagulia nywila, na kwenye nafasi ya simu akaandika namba yake yeye. Alilipwa, akatoa risiti, mambo yakaisha. Majibu yakatoka: amechaguliwa vyuo viwili. Mnajua utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu: aliyepata zaidi ya kimoja anatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha anakokwenda. Namba ikaenda kwa kijana wa steshenari, naye alikuwa amesafiri kwenda msibani na simu haipatikani. Nywila ya barua pepe aliijua yeye peke yake. Siku tatu nyumba nzima haikulala. Kaka yangu alikwenda kukaa kwenye ngazi za duka lililofungwa kama mtu anayesubiri maiti. Kijana alirudi siku ya mwisho, jioni, akashangaa kwa nini tunalia.

Nilipomuuliza kwa nini anatumia nywila moja kwa wateja wote, akanijibu kwa adabu: "Mama, wakisahau wanarudi kwangu." Wanarudi kwake! Wangapi kati yenu, hadi leo, barua pepe mliyoombea chuo na mkopo inafunguka kwa nywila ya mtu wa steshenari? Msinijibu. Nendeni mkabadilishe, na namba ya simu iliyomo iwe yenu.

Mengine nayataja tu. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Toka kwenye akaunti ukimaliza kutumia kompyuta za maktaba. Usibandike kitambulisho cha chuo mtandaoni eti umefurahi. Na ukitaka kukopa kwa simu, jua kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Programu inayoanza kwa kuomba majina yote ya simu yako inajiandaa kukuaibisha kwa mama yako.

Sasa niseme na wazee wenzangu, maana hawa watoto wameiga. Sisi ndio tuliobandika matokeo ukutani kwa majina, aliyefeli akasomwa na muuza karanga. Lakini enzi za majalada ya karatasi, kulikuwa na daftari: ukichukua jalada la mwanafunzi unasaini, tarehe na sababu. Kompyuta zilipokuja, niliweza kufungua taarifa za mwanafunzi yeyote saa yoyote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujua. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa nini mwanafunzi akiingia kwenye akaunti yake aone ada anayodaiwa tu, asione nani alifungua taarifa zake na kwa kazi gani? Kwa nini asiulizwe kabla namba yake haijapewa kampuni inayotangaza nafasi za kazi?

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawapa haki ya kujua taarifa zenu zinazoshikiliwa, kudai zirekebishwe na kudai fidia mkiumizwa, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Andikeni barua kwa ofisi ya usajili, kwa heshima, mkiulizia zenu. Mtumishi atakayepokea atakunja uso. Najua, ningekunja mimi pia. Mwachieni nakala, mbaki na nyingine yenye mhuri wa mapokezi.

Binti yetu ameshabadilisha nywila. Nilimwomba aniandikie pembeni, asije akaisahau. Akacheka: "Shangazi, hata wewe!" Nilinuna mpaka chakula cha jioni.

Ni mimi shangazi yenu,
Mstaafu, Morogoro