Niliibiwa Nairobi, sasa deni la Mama Shiro linaninyima usingizi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Muheza, Tanga, na ninasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nairobi. Sijaandika kuomba pesa. Nimeandika kwa sababu kuna jambo nimelibeba tangu Julai na sina wa kumwambia. Nyumbani hawajui kitu, na hapa Nairobi anayehusika ndiye mtu ambaye ningemkimbilia kwa ushauri.

Ilikuwa Jumanne jioni, katika baridi ile ya Julai ambayo sisi tuliokulia joto la Tanga hatuizoei. Nilikuwa natafuta matatu ya kwenda Roysambu, karibu na jengo la Nyaraka za Taifa, saa ambayo watu wote wa mjini wanataka kurudi kwao. Begini mlikuwa na kompyuta mpakato, pasipoti yenye pasi yangu ya mwanafunzi, flashi yenye kazi zangu zote, na shilingi 12,000 za Kenya. Hizo zilikuwa za kodi. Nilikuwa nimetoka kuzitoa kwa wakala wa M-Pesa kwa sababu mwenye nyumba hupokea taslimu tu.

Nikamwuliza kijana mmoja, "Samahani kaka, naomba kuuliza, gari la Roysambu ni lipi?" Siku hizi najua kwamba maneno hayo tu yanatosha kumwambia mtu wa Nairobi kuwa wewe umetoka Tanzania. Alinijibu kwa upole, akanipandisha, akalipokea begi aliweke mbele kwa dereva kwa kuwa lilikuwa zito. Nilimdhania kuwa ndiye konda, ambaye hapa wanamwita makanga. Nimekaa kidogo akaja mwingine: "Siste, hii haijai saa hizi, hamia ile ya mbele inatoka." Nikainuka, nikamwomba dereva begi langu. Akanitazama. "Begi gani?"

Nililia pale pale ukingoni mwa barabara, watu wakinipita. Aliyesimama alikuwa mama mmoja anayeuza chai ya chupa na mandazi ya kwenye ndoo. Nimwite Mama Shiro, ingawa si jina lake. Hakuniuliza kitu. Alinimiminia kikombe cha chai ya tangawizi, akangoja niimalize, ndipo akauliza nimeibiwa nini. Niliposema pasipoti, aliinuka, akamwachia mwuza njugu wa jirani chupa zake zote mbili, tukaenda kituo cha polisi kuandikisha. Tulikaa kwenye benchi hadi saa tatu usiku, na biashara yake ya jioni ikapotea hivyo. Askari wa mezani alipomwuliza yeye ni nani wangu, alijibu, "Ni msichana wangu." Tulikuwa hatujajuana hata majina.

Mambo ya karatasi yalinichukua siku nyingi, mara ubalozini kwetu, mara ofisi za uhamiaji za Nyayo House kwa ajili ya pasi, na nauli karibu yote ilikuwa yake. Mwenye nyumba hakunisubiri. Kwa wiki tatu nililala mtaa wa Huruma, kwenye chumba kimoja cha Mama Shiro kilichogawanywa kwa pazia, kitanda kimoja na binti yake Shiro, ambaye yuko kidato cha tatu. Sikuwahi kuhisi kwamba ninawabana, na walikuwa wamebanwa.

Mwezi wa Agosti akanipeleka Moi Avenue akaninunulia kompyuta iliyotumika, shilingi 18,000. Akasema ni zamu yake kwenye chama. Wako wanawake 12, kila mmoja hutoa 1,500 kwa mwezi, na mmoja huchukua zote. Niliamini kwamba zamu hiyo haikuwa na kazi nyingine.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwasalimu, siku ya Jumatano, nikiwa na kilo mbili za sukari. Shiro alinifungulia akiwa amevaa sweta ya shule, kisu mkononi, anamenya viazi.

"Mbona hujaenda shule?"

"Nimetumwa karo."

Aliliangalia begi langu la mgongoni, lile lenye kompyuta, kisha akarudi kwenye kiazi chake. Hakusema neno baya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alipotoka kuchota maji nilifungua daftari la chama lililokuwa juu ya kabati. Najua haikuwa haki yangu. Kwenye mstari wa Agosti pana jina la mama yake, 18,000, na pembeni maneno "karo ya Shiro". Maneno hayo yamekatwa kwa kalamu nyekundu.

Nilirudi nikamtumia Mama Shiro 2,000 kwa simu. Alizirudisha jioni ile ile, kisha akanipigia. "Unanilipa kwani nilikuuzia?" Alikuwa amekasirika kweli. Nimefikiria kuiuza kompyuta, lakini kazi zangu za muhula zimo humo, na akijua nimeiuza sijui atanitazama vipi.

Kuna baba yangu pia. Analima machungwa, na wanunuzi wake wengi ni wale wanaokuja na malori kutoka Kenya. Kila msimu wanamlalia bei, na kwake yeye hao ndio watu wa Nairobi. Nilipopata nafasi ya chuo hakuikataa, ila alisema nijichunge sana. Nimemficha habari za wizi kwa kuwa najua atasikia wizi tu. Ataniambia nirudi. Mwezi uliopita nilijaribu kuanza kwa upande wa wema, nikamwambia, "Baba, kuna mama mmoja hapa ananitunza kama mwanawe." Alinyamaza kidogo, akauliza, "Anataka nini?" Nikabadilisha mazungumzo.

Shilingi 18,000 za Kenya ni zaidi ya laki tatu za kwetu. Baba akiuza vizuri anaweza kuzitoa, na ninaamini angezitoa kwa heshima kama angemwona mama huyu kwa macho yake. Kwa simu sijui nianzie wapi.

Mimi mwenyewe nina 6,000 nilizopata kwa kuwachapia wenzangu kazi. Nimewaza nimwombe Shiro namba ya malipo ya shule yake nilipe kimyakimya, kidogo kidogo. Lakini hapo nitakuwa nimemfundisha mtoto kumficha mama yake, mama aliyeniita msichana wake mbele ya polisi.

Nisaidie, Shangazi, na wasomaji walio wazazi wanisaidie pia. Nimweleze baba yote, hata kama ataniita nyumbani? Nilipe shule moja kwa moja? Au kuna namna ya kumrudishia mtu wa aina hii haki yake bila kumfanya aone kwamba nimeuhesabu wema wake kama bidhaa?

Jana usiku Shiro aliniandikia ujumbe, akaniomba nimtafutie kitabu chao cha kemia maktaba nimpigie picha kurasa za sura ya tatu. Leo nimezipiga zote nikamtumia. Bado yuko nyumbani.

Binti wa Muheza,
Nairobi