Kuhusu meli ya Wilhelm Gustloff

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeuliza: Wilhelm Gustloff, meli ya Wajerumani iliyozamishwa katika Vita vya Pili vya Dunia, ilichukua saa moja hivi kuzama, mbona watu walikufa kwa maelfu?

Kwanza, idadi. Wilhelm Gustloff iliundwa kubeba abiria na mabaharia wasiofika 2,000. Tarehe 30 Januari 1945 iling'oa nanga Gotenhafen (leo Gdynia, Poland) na watu wapatao 10,000, wengi wakimbizi wanaolikimbia jeshi la Kisovieti. Meli ya vita iliyoisindikiza ilikuwa moja tu, Löwe. Nahodha Petersen akachagua njia ya maji ya kina, akaenda mwendo wa noti 12 tu (kama kilomita 22 kwa saa). Usiku, aliposikia kwamba kuna meli za kufagia mabomu zinakuja mbele yake, akawasha taa za njia asije akagongana nazo. Nyambizi ya Kisovieti S-13, chini ya nahodha Marinesko, ikaiona na kuipiga kwa topedo tatu.

Topedo la kwanza lilipiga omoni, yaani mbele ya meli. Milango ya kuzuia maji ikafungwa, kama inavyotakiwa, lakini nyuma yake walikuwa mabaharia waliopumzika, wale wale wanaojua kushusha mashua za uokoaji. La pili lilipasua sehemu ya bwawa la kuogelea walimolazwa wasichana wa jeshi la majini. La tatu likaingia chumba cha injini, umeme ukakatika. Juu sitahani, vyuma vya kushushia mashua vilikuwa vimeganda barafu, na wa kuvigongoa hawakutosha. Hapo ndipo saa ile ilipopotea. Waliookolewa ni kama 1,250.

Na Gustloff mwenyewe, mtu ambaye meli ilipewa jina lake? Hakuwahi kuwa mkubwa Berlin. Aliongoza tawi la chama cha Nazi huko Uswisi, makao yake Davos. Mwaka 1936 David Frankfurter, Myahudi aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, alimuua kwa risasi. Hitler akamfanya shujaa aliyekufa kwa ajili ya chama, na mwaka 1937 mjane wake ndiye aliyeizindua meli Hamburg. Ajabu ni kwamba Gustloff alizaliwa tarehe 30 Januari, 1895, tarehe ile ile meli ilipozama.

Jambo moja kwenye rasimu yako: futa "meli ya hospitali". Hiyo ilikuwa kazi yake mwanzoni mwa vita tu. Usiku ule ilikuwa na rangi ya kijivu, mizinga ya kutungulia ndege, na wanamaji wa nyambizi karibu 1,000, kwa hiyo kisheria ilikuwa shabaha halali ya vita.

Nisalimie nyumbani.