Maktaba ya ramani sio stoo ya picha

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hizi maktaba za ramani za kidijitali. Siku hizi taasisi inaskani ramani zake, inazipakia kwenye intaneti halafu inatangaza tayari ina maktaba. Hapana jamani, hiyo ni stoo ya picha.

Ramani mtu haitafuti kwa jina la faili, anaitafuta kwa mahali. Anataka achore kiboksi juu ya eneo lake aletewe kila kinachogusa pale, ramani ya zamani, picha ya setilaiti, ripoti ya udongo, hata kama kichwa cha ripoti hakilitaji hilo eneo kabisa. Na si wazo jipya, Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walianza mradi wa maktaba ya kidijitali ya Alexandria miaka ya 1990 hivyohivyo, kila kitu kina latitudo na longitudo zake na pembeni kuna orodha ya majina ya mahali. Hiyo orodha ndo inadharauliwa! Mji wa Saint Petersburg kule Urusi uliitwa Petrograd 1914, Leningrad 1924, ukarudia jina lake 1991, sasa ukitafuta kwa jina la leo tu ramani za zaidi ya miaka 70 zinakupita na mji haujahama.

Kanzidata nayo, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza rekodi zote, iwe inayojua mahali. Indeksi ya kawaida, ile orodha ya kusaidia kompyuta ipate kitu haraka, inapanga vitu kwenye mstari mmoja, lakini mahali pana vipimo viwili, latitudo na longitudo, ndo maana mtafiti wa kompyuta Antonin Guttman mwaka 1984 akaleta indeksi iitwayo R-tree, inakusanya vilivyo karibu ndani ya maboksi, kompyuta inaruka maboksi yasiyohusika. PostGIS, programu ya kanzidata za mahali, inafanya hivyo na ni ya bure.

Kinachoniuma zaidi ni linki. Watu wanaziandika kwa mkono ndani ya kurasa, faili likihamishwa linki imekufa, na msomaji aliyeko kwenye ripoti hana njia ya kurudi kwenye ramani. Linki ikae kwenye kanzidata kama rekodi, namba ya kitu hiki, namba ya kile, vinahusianaje, na ni sehemu gani hasa ya ramani inaongelewa. Hapo ukibonyeza mto kwenye ramani unapata maandishi yake, na ukiwa kwenye maandishi unarudi mtoni.

Kwa hiyo wahusika, kabla ya kununua skana nyingine wekeni mtu wa kuandika latitudo na longitudo za kona nne za kila ramani, skeli na mwaka wa upimaji, sio mwaka wa kuchapwa peke yake maana mara nyingi hiyo miaka haifanani kabisa.

Msomaji wenu